Akili inapopimwa ili mtu aruhusiwe kukimbia

MTU aliyekatika mguu hahitaji kumthibitishia mtazamaji kwamba ana ulemavu. Mwenye ulemavu wa akili hukimbia na kuruka kama wengine, na akisimama kwenye mstari wa kuanzia hakuna alama inayomtofautisha na jirani yake. Ndiyo maana katika mashindano makubwa ya walemavu duniani mlango wa kundi hili hufunguliwa na mtaalamu wa saikolojia, ambaye kazi yake ni kuthibitisha kwa maandishi kile ambacho jicho haliwezi kukiona.

Umuhimu wa kazi hiyo ulidhihirika kwa aibu. Katika Michezo ya Paralimpiki ya Sydney, Oktoba 2000, timu ya Hispania ya mpira wa kikapu ya wenye ulemavu wa akili iliifunga Urusi kwa pointi 87 kwa 63 na kutwaa medali ya dhahabu. Mwezi uliofuata mmoja wa wachezaji wake, Carlos Ribagorda, alijitokeza kuwa ni mwandishi wa jarida la Capital aliyejipenyeza katika timu, akafichua kwamba wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu wowote wa akili. Kwa maelezo yake, alichofanyiwa yeye kabla ya kuingia timuni ni kupiga pushapu sita na kupimwa shinikizo la damu, basi.

Adhabu iliwaangukia wasiokuwa na hatia. Wachezaji wawili waliokuwa walemavu kweli walipoteza medali pamoja na wale waongo, na Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki (IPC) ikawaondoa mashindanoni wanariadha wote wenye ulemavu wa akili, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuaminika ya kumtenganisha mkweli na mdanganyifu. Wakaikosa Athens 2004, wakaikosa na Beijing 2008. Aliyekuwa kiongozi wa shirikisho lao nchini Hispania, Fernando Martín Vicente, alitiwa hatiani mwaka 2013, akatozwa faini ya euro 5,400 na kuamriwa kurejesha ruzuku ya zaidi ya euro 142,000. Washitakiwa wengine 18 waliachiwa. Kwa mwanariadha aliyepitwa na umri wake bora akiwa nje ya uwanja, hesabu hiyo haiwezi kuonekana ya haki.

Novemba 2009, mkutano mkuu wa IPC uliofanyika Kuala Lumpur ulikubali kuwarejesha, na wakarudi London 2012 katika riadha, kuogelea na tenisi ya meza. Hata hivyo walirudi kwa masharti.

Sharti la kwanza husimamiwa na shirikisho la kimataifa linaloitwa Virtus, ambalo hadi 2019 lilijulikana kwa jina la INAS. Mwanariadha hutakiwa kuwa na kipimo cha akili kisichozidi 75, katika mizani ambayo wastani wa watu ni 100. Alama hiyo hutokana na mtihani unaotambulika kimataifa, kama ule wa Wechsler, unaoendeshwa na mwanasaikolojia mwenye sifa, ana kwa ana na mtahiniwa mmoja. Alama peke yake haitoshi. Lazima pia ionekane kwamba mhusika anapata shida kubwa katika kumudu maisha ya kila siku: kuelewa fedha na wakati, kuhusiana na watu, kujitunza. Aidha, hali hiyo iwe ilianza utotoni. Kwa miaka mingi kigezo kilikuwa kabla ya kutimiza miaka 18. Ripoti kamili hupelekwa kwa jopo la wataalamu, nao huikagua kabla ya kutoa uamuzi.

Sharti la pili lilizaliwa baada ya kashfa. Watafiti, miongoni mwao Yves Vanlandewijck wa Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji na mwanasaikolojia Jan Burns wa Uingereza, walijiuliza: akili inaathiri nini hasa mchezoni? Mkimbiaji wa mita 1,500 anapaswa kugawa nguvu zake katika mizunguko, akijua lini aongeze mwendo na lini asubiri. Mchezaji wa tenisi ya meza husoma mpira kabla haujafika. Hivyo mwanariadha hupewa vipimo vya kasi ya kufikiri, kumbukumbu na kupanga mambo, vingi vikiwa kwenye kompyuta na vyenye maneno machache, kisha hutazamwa akiwa mashindanoni.

Ulemavu huu una sura nyingine pia. Katika Michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, Muhammad Ziyad Zolkefli wa Malaysia alitupa tufe mita 17.94, umbali ambao ungempa dhahabu. Matokeo yake yalifutwa kwa sababu alichelewa dakika tatu kufika chumba cha kuitwa majina. Kushindwa kwenda na wakati ni miongoni mwa mambo ambayo wanasaikolojia huyahesabu kama dalili za ulemavu wenyewe. Kanuni ya uwanjani haikulijali hilo.

Kwa kijana wa Mgogoni, kisiwani Pemba, swali gumu zaidi ni mtihani umetungwa na nani, kwa ajili ya nani. Mwanasaikolojia wa Marekani Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa skuli za vijijini karibu na Bagamoyo, wakachapisha matokeo mwaka 2002: baada ya kufundishwa kwa chini ya saa moja namna ya kujibu maswali ya aina ile, alama zao zilipanda. Kilichokuwa kimepimwa mwanzoni kwa sehemu kubwa kilikuwa ni ugeni wa mtihani. Huko Usenge, magharibi mwa Kenya, timu hiyo iligundua kwamba watoto wenye ujuzi zaidi wa dawa za mitishamba ndio waliopata alama ndogo katika vipimo vya msamiati wa darasani.

Mpimaji makini anayefika Mgogoni, basi, hataridhika kuuliza kuhusu treni na benki. Atamuuliza mama kama kijana anaweza kutenganisha karafuu na makonyo bila kusimamiwa, kama anajua mvua ikitanda majamvi yaondolewe, kama akilipwa kwa pishi alizochuma anajua amepunjwa. Hapo ndipo ulemavu wa kweli unapotengana na ukosefu wa elimu.

Lipo pia lango jingine lisilodai hayo yote. Special Olympics, iliyoanzishwa mwaka 1968 na Eunice Kennedy Shriver, haiweki kiwango cha alama. Hupanga washiriki wa kuanzia miaka minane kushindana na wenye uwezo unaokaribiana. Wengi wa wanamichezo wenye ulemavu wa akili duniani hucheza huko.

Anayetaka Paralimpiki anahitaji faili, na faili huanza mapema: cheti cha kuzaliwa, taarifa ya mwalimu aliyemwona akichelewa kusoma, karatasi ya hospitali yenye tarehe. Mzazi asiyezitunza akiwa mtoto wake ana miaka saba atazitafuta kwa shida akifika 20, hata kama mtoto huyo anawaacha wenzake wote kwenye mita 400.