Nani aligundua, mashine au mgonjwa?
SIKU hizi husemwa eti akili unde ‘imegundua’ dawa. Je, kitenzi hicho kinafaa? Hebu turejee nyuma kidogo. Mwanzoni mwa 2020, watafiti wa kampuni ya BenevolentAI, London, waliitumia kupekua maandishi ya kitabibu. Ikawaelekeza kwa baricitinib, dawa ya baridi yabisi, kwamba huenda ingefaa dhidi ya Covid-19. Huko kulikuwa kukisia tu. Ilibidi wagonjwa zaidi ya 1,000 wakubali kufanyiwa majaribio: wote walipewa remdesivir, nusu wakaongezewa baricitinib. Walioongezewa walipona kwa siku 7, wenzao 8. Basi tuseme mashine ‘ilipendekeza’. Waliothibitisha ni binadamu, tena wakiwa vitandani.