Mwezi wa Kuzaliwa, Daftari la Serikali na Mwanasoka Kijana: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Kionga

Tafiti kuhusu mwezi wa kuzaliwa na nafasi ya mchezaji katika soka ya kulipwa hujengwa juu ya orodha za tarehe. Mfano wa Ubelgiji unajulikana: mwaka 1997 tarehe ya kugawa vijana kwa umri ilipohamishwa kutoka Agosti 1 hadi Januari 1, upendeleo ulihama nayo. Waliozaliwa Agosti, ambao awali walikuwa wakubwa wa rika lao, wakawa miongoni mwa wadogo. Wa Januari wakashika nafasi yao. Mwezi wenyewe hauna nyota. Msimamizi ndiye anayeamua nani awe mkubwa.

Hoja hiyo inadai kwamba tarehe iliyoandikwa iwe ndiyo ya kuzaliwa. Kionga, kusini mwa mlango wa Ruvuma, dai hilo halina uzito. Wajerumani waliitwaa mwaka 1894, Wareno wakaitwaa tena Aprili 1916, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukawathibitishia. Chini ya mfumo wa indigenato, uliofutwa mwaka 1961, Waafrika walio wengi waliandikwa zaidi kwa ajili ya kodi na kazi ya shuruti. Uzazi ulikumbukwa majumbani: Ramadhani, Mfungo Mosi, wakati wa kusi. Kwa kuwa mwaka wa mwandamo hupungukiwa na ule wa jua kwa siku 11 hivi, Mfungo Mosi huzunguka miezi yote ya Kizungu katika takriban miaka 33. Mama anaweza kuujua mwezi barabara, na karani asiwe na pa kuuandika.

Karani akikosa tarehe, mara nyingi huandika Januari 1. Hapo ndipo mtafiti hutegwa, kwani wingi wa Januari uliozaliwa mezani hufanana kabisa na ule unaotokana na uteuzi wa makocha. Picha za MRI za kifundo cha mkono, zilizotumiwa na FIFA katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009, hukadiria iwapo mchezaji amevuka umri, mwezi haziujui. Ni heri basi kila tarehe ihifadhiwe pamoja na chanzo chake: cheti cha hospitali, kiapo, au makadirio.

Tangu shambulio la Palma la Machi 2021, wengi walikimbia wilaya hiyo bila vitambulisho. Mtoto anayeandikishwa upya ugenini hupewa tarehe kwa maelezo ya mzazi au jirani, na tarehe hiyo ndiyo itakayoamua acheze na rika lipi.