Ndugu Wawili Njiani

Mwezi wa Aprili mwaka 1909 alishuka katika bandari ya Mombasa Theodore Roosevelt, ambaye wiki chache tu kabla ya hapo alikuwa Rais wa Marekani. Alipanda gari la moshi la Uganda, akaketi juu ya benchi lililofungwa mbele ya injini apate kuwatazama wanyama wa nyika, akateremka katika stesheni ya Kapiti. Karibu mwaka mzima yeye na mwanawe Kermit walisafiri wakiwinda, kwanza katika nchi hii, kisha wakapita Uganda na kufuata mto Nile hata Khartoum, na katika safari hiyo yote wakaua wanyama zaidi ya 500. Habari hizo zimeandikwa mara nyingi, na nia yangu si kuzirudia. Nataka kueleza habari za watoto wawili wa tumbo moja waliopanda farasi wao, wakaenda mwendo wa karibu maili 2,000, ili wamlaki mtu huyo alipokuwa akirejea kwao kutoka kwetu.

Mkubwa aliitwa Louis, lakini nyumbani aliitwa Bud. Alizaliwa mwezi wa Desemba mwaka 1899. Mdogo aliitwa Temple, naye alizaliwa mwaka 1904. Kwao kulikuwa shamba la mifugo karibu na mji wa Frederick, upande wa kusini-magharibi wa Oklahoma. Baba yao, John Abernathy, aliyejulikana zaidi kwa jina la Jack, alikuwa na ustadi wa ajabu: alimfukuza mbwa mwitu kwa farasi, akamrukia, akamtia mkono kinywani nyuma ya meno yake marefu hata mnyama asiweze kuufunga mdomo, akamchukua akiwa hai. Roosevelt alisikia habari hiyo akaona kuwa haisadikiki, na mwaka 1905 alisafiri mpaka Oklahoma kuitazama kwa macho yake. Aliitazama, akapendezwa mno, na mwaka uliofuata alimpa Jack Abernathy cheo cha Marshali, yaani mkuu wa askari wa serikali ya Marekani katika nchi ile.

Yafaa hapa niongeze neno moja. Mahali walipowinda mbwa mwitu palikuwa malisho yaliyowekwa kwa ajili ya Wakomanche, Wakiowa na Waapache, nao wenyeji hao walikuwa wamekwisha kunyang'anywa sehemu kubwa ya nchi yao. Quanah Parker, mkuu wa Wakomanche, alikuwamo katika uwindaji ule. Mwaka 1906, kabla uwindaji haujapata miaka miwili, hata malisho yale yaliuzwa vipande vipande kwa walowezi. Mtoto wa Kenya anayejua jinsi Wamaasai walivyohamishwa kutoka Bonde la Ufa mwaka 1904 hatahitaji maelezo marefu. Nyika pana ambazo Bud na Temple walijifunzia kupanda farasi zilikuwa pana kwa sababu wenyewe walikuwa wameondolewa.

Mama yao alifariki mwaka 1907. Miaka miwili baadaye, mwaka uleule Roosevelt alipokuwa Kapiti, wale watoto walimwomba baba yao ruhusa ya kwenda kwa farasi mpaka Santa Fe, katika nchi ya New Mexico, na kurudi. Mwendo wa zaidi ya maili 1,000. Bud alikuwa na umri wa miaka tisa, na Temple miaka mitano. Baba alikubali, lakini aliwapa masharti. Wasiende zaidi ya maili 50 kwa siku, isipokuwa wamekosa chakula au maji. Wasivuke kijito ambacho chini yake hawaoni, ila wakiwa na mtu wa kuwaongoza. Wasichukue mfukoni zaidi ya dola tano kwa wakati mmoja. Siku ya Jumapili wapumzike. Basi wakafunga matandiko, wakaondoka.

Bud alimpanda Sam Bass, farasi wa baba yake, na Temple alimpanda Geronimo, farasi mfupi wa miguu. Hata hivyo Geronimo alikuwa mrefu kwake. Alipotaka kushuka, Temple aliteleza juu ya mguu wa mbele wa farasi kama mtoto ateremkaye mnazi. Na alipotaka kupanda, ilimpasa atafute kisiki au ukingo wa baraza, au ndugu yake amsukume kutoka chini. Nadhani jambo hilo dogo laeleza safari zao zote kuliko hesabu ya maili. Kila walipolala porini, asubuhi ilikuwa lazima mkubwa ampandishe mdogo kwanza ndipo apande yeye. Kama Bud angekasirika siku moja na kutangulia, Temple angebaki palepale chini akiwa na farasi asiyeweza kumpanda.

Njiani Temple alikunywa maji mabaya ya chumvi za nyika, akashikwa na tumbo, lakini alipona nao wakaendelea. Husimuliwa pia kwamba majambazi waliokuwa wakisakwa na baba yao waliwatambua watoto hao, wakawafuata kwa mbali kuwalinda, na baadaye wakamwandikia Marshali kwamba yeye wanamchukia, lakini wanawe wamewapenda. Hadithi hiyo ni tamu, na hadithi tamu za namna hiyo hukua kila zinaposimuliwa, kwa hiyo siwezi kuitia muhuri.

Wanafunzi wanaposikia habari hizi huuliza swali moja: baba gani huyu? Ni swali la haki. Siku hizi mzazi atakayemwachia mtoto wa miaka mitano kukata nyika na kuvuka mito atafikishwa mbele ya hakimu, na mimi sitakwenda kumtetea. Hata wakati ule wapo walioona kuwa amevuka mpaka. Lakini tutazame pia masharti yake: ni masharti ya mtu aliyezijua njia, akajua hasa ni nini kinachoua watoto safarini, yaani uchovu, mito na wezi. Hakuwatupa wanawe, aliwapa kazi kubwa kuliko umri wao, akaamini kwamba wataiweza. Kwamba waliiweza si ushahidi kuwa alikuwa na haki. Mtoto mmoja angezama katika kijito kimoja, nasi leo tungemtaja Jack Abernathy kwa jina jingine.

Mwaka 1910 ikajulikana kwamba Roosevelt atafika New York mwezi wa Juni. Tarehe 5 Aprili ndugu wawili waliondoka Frederick kwenda kumlaki. Bud alikuwa na miaka kumi, Temple sita. Walikuwa hawajatoka bado katika jimbo lao la Oklahoma, wamefika katika mji wa Hominy, Geronimo aliposhindwa na safari. Ilibidi wamwache, wakanunua farasi mwingine kwa dola 85, jina lake Wylie Haines. Fikiri, msomaji, mtoto wa miaka kumi akisimama kati ya watu wazima, akikagua kwato na meno, akitoa dola 85, fedha nyingi kwa siku zile, huku mdogo wake akiagana na farasi aliyempeleka Santa Fe na kumrudisha.

Kutoka hapo safari yao ilibadilika tabia. Ile ya kwanza ilikuwa ya nyika na upweke. Hii ilikuwa ya miji na makundi ya watu. Magazeti yalikuwa yamepata habari, na kila walipokaribia mji watu waliwangojea barabarani. Mjini Washington walipokewa na Rais William Howard Taft, wakalizuru bunge la nchi yao. Tarehe 18 Juni Roosevelt aliposhuka melini New York na kupita mjini kwa maandamano makubwa, watu waliojaa barabarani kumshangilia walikisiwa kufika milioni moja. Katika maandamano hayo, karibu na askari wa farasi waliowahi kupigana vita chini yake huko Cuba, walikuwamo Bud na Temple, kila mmoja juu ya farasi wake.

Kwa nini watu wale waliwapenda watoto hao kiasi hicho? Jibu langu ni kwamba waliona kwao kitu kilichokuwa kinaondoka. Kampuni ya Ford ilikuwa imekwisha kuanza, mwaka 1908, kuunda motokaa ya bei nafuu, na huko New York magari ya farasi yalikuwa yakipungua siku kwa siku. Watu wa mjini walitazama farasi wale wenye vumbi la maili 2,000 kama mtu atazamavyo picha ya babu yake.

Wenyewe hawakuwa na majonzi hayo. Maandamano yalipokwisha, watoto hao waliosifiwa kuwa wapanda farasi wa mwisho waliwapakia farasi wao katika gari la moshi, wakanunua motokaa! Ilikuwa gari dogo la kampuni ya Brush, lenye silinda moja tu, na ekseli zake zilikuwa za mbao. Kwa gari hilo walisafiri kurudi Oklahoma. Barabara nyingi za Marekani nje ya miji zilikuwa bado za udongo mtupu. Mvua ikinyesha zilikuwa tope, na jua likiwaka zilikuwa vumbi. Tusiwacheke kwa barabara hizo. Hapa kwetu hakukuwa na motokaa iliyosafiri kwa magurudumu yake kutoka Nairobi hata Mombasa mpaka mwaka 1926, Galton-Fenzi alipofanya safari hiyo, na nguzo ya kumbukumbu yake imesimamishwa Nairobi.

Safari kubwa kuliko zote ilikuwa ya mwaka 1911, nayo ndiyo waliyoshindwa. Waliahidiwa dola 10,000 kama wangetoka New York hata San Francisco kwa farasi kwa muda usiozidi siku 60, bila kula wala kulala ndani ya nyumba hata mara moja. Waliondoka Coney Island, katika pwani ya Atlantiki, Bud akiwa na miaka 11 na Temple saba. Mwendo wao ulikuwa maili 3,619. Mwanafunzi anayependa hesabu na agawanye: ili kupata fedha hizo iliwapasa kwenda maili 60 kila siku, bila siku hata moja ya kupumzika, ilhali baba yao aliwahi kuwawekea mpaka wa maili 50 na kuwaamuru wapumzike Jumapili. Sharti la fedha na sharti la baba hayakuweza kutimizwa pamoja. Mbele yao ilikuwapo milima ya Rocky, na baada ya milima majangwa ya Utah na Nevada, mahali ambapo farasi hawezi kuharakishwa kwa sababu maji hayako kila siku. Usiku walijifunika mablanketi yao nje, mvua ikiwapo na isipokuwapo.

Walifika San Francisco siku ya 62. Kwa siku mbili walikosa dola 10,000. Nimejiuliza mara nyingi siku mbili hizo zilipotelea wapi. Katika jangwa, katika kumtunza farasi, katika asubuhi ya mvua ambayo mdogo hakuweza kuamka. Hata hivyo hakukuwa na mtu aliyejulikana kuwa amevuka nchi ile kwa farasi upesi kuliko wao, na sifa hiyo ilibaki yao ingawa fedha hawakuzipata.

Mwaka 1913 walisafiri mara ya mwisho, kutoka Oklahoma mpaka New York, pamoja na ndugu yao wa kambo, Anton. Safari hiyo hawakuchukua farasi wala motokaa: walikwenda kwa pikipiki ya kampuni ya Indian. Katika muda wa miaka minne, watoto hao wa nyikani walikuwa wamepita kutoka tandiko la farasi hata usukani, na kutoka usukani hata pikipiki, na kila mara walikuwa pamoja.

Baada ya hapo magazeti yaliwasahau, nao wakakua kama watu wengine. Bud alisoma sheria, akawa wakili mjini Wichita Falls, katika jimbo la Texas. Alifariki mwaka 1979. Temple, yule aliyehitaji kisiki ili apande farasi, aliingia katika biashara ya mafuta ya petroli, akaishi mpaka mwaka 1986. Sanamu yao imesimama mbele ya nyumba ya mahakama mjini Frederick, mahali walipoanzia safari.