Unyago, Amfioksi na Kipokezi Kisichosikia

Wapo wanaosema unyago si kitu ila homoni zilizovikwa kanga. Wapo pia wanaowajibu kwamba wazee wa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, walizijua homoni kabla ya maabara kujengwa. Wote wana haraka. Jadi ya makungwi wa Kimwera, Kiyao na Kimakonde na jadi ya wanabiolojia zinakutana kwingine kabisa, kwenye swali la nani anayeipa ishara maana yake.

Kwa upande wa wanabiolojia, mfano mzuri ni amfioksi, mnyama wa baharini wa sentimita chache, mwembamba, asiye na kichwa cha kueleweka. Hujizika mchangani, mdomo ukabaki nje kuchuja chakula. Mifupa hana, lakini ni wa ukoo ulio jirani na wetu sisi wenye uti wa mgongo. Tezi la shingo nalo hana. Kwenye sakafu ya koo ana mfereji wa ute uitwao endostaili, unaonasa chembe za chakula na wakati huohuo kukusanya madini joto ya maji ya bahari (hayahaya ambayo wazalishaji wadogo wa chumvi wa pwani ya Lindi wanasisitizwa wayachanganye kwenye chumvi yao). Mwaka 1873 Mjerumani Wilhelm Müller alisema mfereji huo ndio asili ya tezi letu. Ushahidi mzuri zaidi anao lamprei, samaki asiye na taya: akiwa mchanga ana endostaili, na akigeuka kuwa mkubwa mfereji uleule unakuwa tezi. Kilichokuwa chombo cha kulia kimekuwa chombo cha kutuma habari mwilini.

Utamu hasa uko kwenye estrojeni, homoni inayoukuza mwili wa msichana anapobalehe. Amfioksi anacho kipokezi kinachofanana sana na kile ambacho mwili wa binadamu hukitumia kuipokea homoni hiyo, lakini tafiti za 2008 zilionyesha kwamba chake hakiishiki kabisa. Inayoishika ni protini nyingine, ndugu ya kipokezi hicho. Na kile kisichosikia hakikai bure: kinajishikiza kwenye DNA palepale ndugu yake anapotaka kufanyia kazi, kikamzibia njia. Homoni yenyewe, basi, haina amri ndani yake. Amri inategemea nani kaipokea.

Kungwi angelielewa hilo bila kuhitaji darubini. Msichana akivunja ungo, kwa desturi habari hufika kwa bibi au somo, kisha mwali akawekwa ndani, akafundwa kwa nyimbo na mafumbo, akatolewa kwa ngoma na nguo mpya. Damu peke yake haijampa cheo. Aliyekua mwili bila kuchezwa hana kauli mbele ya waliochezwa, hata awe mkubwa kwao kwa miaka. Mpokeaji naye hubadilika: Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Anglikana wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, hakulipiga marufuku jando la wavulana. Aliliingizia sala na mafundisho ya Kikristo, na miili ya vijana ikaendelea kutoa dalili zilezile.

Jando, hata hivyo, linaivuruga hoja yangu, na linastahili kuachwa liivuruge. Wavulana wengi huingia kumbini wakiwa wadogo, sauti haijawa nzito, ndevu hazijafikiriwa. Hapo hakuna ishara ya mwili inayosubiriwa, jamii inatangulia. Unyago nao siku hizi unawakuta wasichana wengine kabla ya hedhi, kwa kuwa wazazi huwachezesha watoto kwa pamoja shule zikifungwa. Mtu anaweza kulinganisha hali hiyo na kipokezi kinachofanya kazi bila homoni, lakini mimi siendi huko. Protini za amfioksi hazina mzazi wala mwalimu. Umri wa mtoto kuingia unyago ni jambo linalobishaniwa nyumbani, shuleni na kwenye vikao vya kijiji, na mabishano hayo hayatamalizwa na maabara yoyote.