Lipidi za planktoni ya Aktiki

Lipidi za planktoni ya Aktiki ni mafuta na nta ambazo viumbe vidogo vya Bahari ya Aktiki hulimbikiza katika majira mafupi ya mwanga. Mfano bora ni Calanus glacialis, mnyama wa jamii ya kamba mwenye urefu wa milimita chache tu.

Katika ghuba ya Rijpfjorden, kwenye visiwa vya Svalbard nchini Norwei, mwani wa chini ya barafu hustawi mwezi Aprili. Ule wa maji wazi hufuata yapata miezi 2 baadaye. Majike ya Calanus hula wa kwanza na kutaga mayai, na watoto hukua kwa wa pili. Mwani wa kundi la diatomu una wingi wa asidi ya mafuta iitwayo EPA, ilhali dinoflajelati, kundi jingine la planktoni, wana zaidi ile iitwayo DHA. Zote ni omega-3. Calanus huzipata kwa kula, kisha huunda mwenyewe asidi na alkoholi za minyororo mirefu, akiziweka kama esta za nta katika kifuko kinachoonekana kupitia mwili wake angavu.

Majira ya baridi Calanus huzama kilindini na kuishi kwa akiba hiyo.

Barafu ikivunjika mapema, muda kati ya mistawi hiyo miwili hufupika, na watoto huweza kuchelewa chakula.