Kabila Kwenye Karatasi, Tabaka Kwenye Ardhi: Kigali kutoka Biryogo hadi Nyarutarama

Nyarutarama ni mtaa wa wenye nazo katika sekta ya Remera, wilaya ya Gasabo, jijini Kigali. Una makazi ya mabalozi, ofisi za makampuni makubwa, kiziwa kidogo chenye njia ya kutembelea na uwanja wa gofu uliopanuliwa hadi mashimo 18. Hadi Septemba 2022, katika kata hiyohiyo ya Nyarutarama, ng'ambo tu ya majumba yenye kuta ndefu na bustani, kulikuwa na vijiji vya Kangondo na Kibiraro: vyumba vya matofali mabichi yanayoitwa rukarakara, mabati yaliyogusana, vichochoro vya kupita mtu mmoja. Watu wa mjini walivibandika jina la dhihaka, Bannyahe, ambalo kwa Kinyarwanda ni swali la kuuliza wakazi wake wanajisaidia wapi. Wengi waliokuwa wakilala huko walishinda kwenye majumba ya ng'ambo: wapishi, walinzi, wafua nguo, mafundi wa ujenzi.

Pengo hilo si la rangi wala la kabila. Hata hivyo lina ukoo mmoja na ubaguzi wa kimbari uliowahi kutawala Rwanda, kwa kuwa serikali iliyowaandika watu kwenye madaftari kwa aina ndiyo iliyowapangia pia mahali pa kulala.

Kabla ya Wazungu, Rwanda haikuwa nchi ya usawa. Chini ya Mwami Kigeli IV Rwabugiri, aliyetawala hadi 1895, uburetwa, yaani kazi ya lazima kwa chifu, ulienea na kuwaangukia Wahutu huku Watutsi wakisamehewa. Ubuhake uliwafunga wengi kwa tajiri kwa njia ya ng'ombe. Watwa, wafinyanzi na wawindaji, walidharauliwa na pande zote mbili, wengine wakikataa hata kula nao chombo kimoja. Lakini watu hao wote walisema lugha moja, waliishi kilima kimoja, na koo kubwa kama Abasinga, Abagesera na Abazigaba zilikuwa na Wahutu, Watutsi na Watwa ndani yake. Hali ya mtu iliweza kubadilika kwa mali, kwa ndoa au kwa kukosana na mfalme. Dhuluma ilikuwepo, kilichokosekana ni hoja kwamba imo katika damu.

Hoja hiyo iliingizwa kutoka nje. John Hanning Speke, ambaye hakuwahi kukanyaga Rwanda, aliandika katika kitabu chake cha 1863 kwamba watawala wa eneo la Maziwa Makuu walitokana na jamii ya wageni kutoka upande wa Ethiopia, bora kuliko wakulima waliowatawala. Wajerumani, waliopata utii wa ufalme mwishoni mwa karne ya 19, waliichukua dhana hiyo bila kuipima. Wabelgiji, walioitwaa nchi mwaka 1916, waliigeuza kuwa utaratibu wa kazi. Askofu Léon Classe aliionya serikali mwaka 1930 dhidi ya kuwaondoa Watutsi kwenye uchifu. Mwaka uliofuata Mwami Yuhi Musinga, aliyekuwa mgumu kwa misheni, alivuliwa ufalme, na mwanawe Mutara Rudahigwa akatawazwa. Shule ya Astrida, mji ulioitwa baadaye Butare na sasa Huye, ilipewa jukumu la kuwaandaa makarani na machifu, na nafasi nyingi zikaenda kwa vijana wa Kitutsi. Kufikia 1959, kati ya machifu 45, 43 walikuwa Watutsi. Kati ya machifu wadogo 559, walikuwa 549. Takwimu hizo hazimaanishi kwamba Mtutsi wa kawaida alikuwa na neema. Wengi wao walichunga na kulima kwa umaskini uleule wa jirani zao Wahutu.

Mihuri ya kudumu iligongwa katika hesabu ya watu ya 1933 na 1934. Kila mtu mzima aliandikwa kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na kitambulisho kikafuata. Mtoto alirithi aina ya baba yake. Katika miaka hiyohiyo, huko Marekani, shirika la serikali la mikopo ya nyumba lililoundwa mwaka 1933 lilianza kuchora ramani za miji na kutia wino mwekundu mitaa ya Waamerika Weusi, kama mahali pa hatari kukopesha. Ofisi hizi mbili hazikujuana. Zote mbili ziliwapa makarani uwezo wa kuamua riziki ya mtu kwa kuangalia alama aliyozaliwa nayo, na alama zote mbili zilidumu kuliko waliozitia.

Kitambulisho cha Rwanda kinastahili kutazamwa kwa karibu. Katika toleo lililotumika miaka ya mwisho, chini ya picha, palichapishwa mstari wenye maneno manne: Hutu, Tutsi, Twa, Naturalisé, hili la mwisho likimaanisha mgeni aliyepewa uraia. Karani alikata yale yasiyomhusu mwenye kadi na kuliacha moja. Hapakuwa na nafasi ya mtoto wa mama Mtutsi na baba Mhutu kujieleza. Kalamu ilifuata upande wa baba, basi.

Ajabu ni kwamba waliodhulumiwa na utaratibu huu nao waliuhitaji. Ilani ya Wahutu ya Machi 1957, iliyotiwa saini na watu tisa akiwemo Grégoire Kayibanda, rais wa baadaye, ililieleza tatizo la nchi kuwa la kimbari, kisha ikapinga kufutwa kwa maneno hayo kwenye vitambulisho. Hoja yao ilikuwa ya kiofisi kabisa: yakifutwa, nani ataonyesha kwamba Wahutu wamenyimwa nafasi? Ni hoja yenye uzito, na hadi leo watetezi wa haki katika nchi nyingi huitumia. Nchini Rwanda ilifungua njia ya kugeuza ubaguzi badala ya kuuondoa. Ghasia za Novemba 1959 ziliwasukuma maelfu ya Watutsi kukimbilia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika, na jamhuri iliyozaliwa ilikihifadhi kitambulisho cha Wabelgiji.

Mjini ubaguzi ulikuwa na sura nyingine, na hapo ndipo historia hii inapowagusa Waswahili. Richard Kandt, mwakilishi mkuu wa kwanza wa Kijerumani, alianzisha Kigali mwaka 1907 kwenye kilima cha Nyarugenge. Pamoja na askari, wapagazi na makarani wake walikuja wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Wahindi, na Kiswahili kikawa lugha ya boma na ya soko. Msikiti wa Al-Fatah, Nyamirambo, unatajwa kuwa wa kwanza nchini, wa mwaka 1913. Wabelgiji waliwatilia shaka Waislamu hao kwa kuwaona mabaki ya Wajerumani, na misheni ziliwaona wapinzani. Wakakusanywa Biryogo, mahali palipoitwa kambi ya Waswahili, ambako kutoka na kuingia kulidhibitiwa kwa vibali. Shule, ambazo karibu zote zilikuwa mikononi mwa kanisa, hazikuwapokea bila masharti ya dini. Waliobaki na biashara ndogo, udereva na ufundi walisemwa kuwa ni watu wa ujanjaujanja, na jina umuswahili likawa tusi la mtaani kwa mtu mwongo. Mtu hunyimwa kazi ya ofisini, kisha hulaumiwa kwa kuwa mchuuzi.

Mpango huo haukuwa wa Kigali peke yake. Dar es Salaam iligawanywa kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini kwa kanuni za majengo zilizoanza chini ya Wajerumani na kuendelezwa na Waingereza. Nairobi iliwatengea Waafrika Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920. Sababu iliyotolewa kila mahali ilikuwa afya: tauni, malaria, vyoo. Kigali, iliyokuwa boma dogo tu kwa kuwa makao makuu ya Ruanda-Urundi yalikuwa Usumbura, ilipata Kiyovu kwa Wazungu na Biryogo kwa Waswahili, huku Wanyarwanda wengine wakitarajiwa kubaki vilimani mwao.

Uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 uliukuta mji wenye watu wapatao 6,000. Serikali za Kayibanda na, baada ya mapinduzi ya 5 Julai 1973, za Juvénal Habyarimana zilishikilia wazo kwamba Mnyarwanda ni mtu wa shamba. Kuishi mjini kulitaka kibali. Kwa Watutsi waliobaki nchini kulikuwa na mlango mwingine uliofungwa: mfumo wa migao ulioitwa iringaniza, uliowapimia nafasi za shule na kazi kwa kiasi cha asilimia 9. Mapema mwaka 1973 wanafunzi wa Kitutsi walifukuzwa katika shule na Chuo Kikuu kwa orodha zilizobandikwa ukutani. Kijana aliyefaulu mtihani aliweza kukosa nafasi kwa neno lililoachwa bila kukatwa kwenye kadi ya baba yake.

Novemba 1990, wiki chache baada ya vita vya waasi wa RPF kuanza, Habyarimana alitangaza kwamba kabila lingeondolewa kwenye vitambulisho. Haikufanyika. Kuanzia Aprili 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, kadi ileile ilitosha kumtenga wa kuuawa na wa kupita. Katika siku 100 hivi waliuawa Watutsi kwa mamia ya maelfu, pamoja na Wahutu waliopinga. Serikali ya Rwanda inahesabu waliouawa kuwa zaidi ya milioni moja. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha, ilipomtia hatiani meya wa zamani Jean-Paul Akayesu tarehe 2 Septemba 1998, ilibidi kwanza ijibu swali kama Watutsi ni kundi linalolindwa na mkataba wa mauaji ya kimbari, kwa kuwa lugha na utamaduni wao havikutofautiana na vya wenzao. Kitambulisho kilikuwa miongoni mwa ushahidi ulioegemewa. Kundi lilikuwa halisi kwa kuwa dola ililiandika na watu wakaishi na kufa kwa maandishi hayo.

Baada ya 1994 neno la kabila lilifutwa kwenye kadi. Sheria ya Desemba 2001 ilifanya ubaguzi na uchochezi wa mgawanyiko kuwa jinai, na Katiba ya 2003 ikaweka msingi huo juu zaidi. Watwa, waliotolewa katika misitu ya Volkano, Nyungwe na Gishwati, sasa huitwa rasmi walioachwa nyuma na historia, na hata chama chao kililazimika kubadili jina ili kisitaje kabila. Hapa njia ya Rwanda na ya Marekani zinaachana. Marekani humhesabu kila raia kwa asili yake, hivyo pengo la mali na afya kati ya Weupe na Weusi linajulikana mwaka hadi mwaka, ingawa kulijua hakujaliziba. Rwanda haihesabu, na haki ya kutohesabu imelipiwa kwa damu. Gharama yake huwaangukia zaidi Watwa, ambao umaskini wao hauna safu katika jedwali la taifa.

Kilichobaki wazi kwa macho ni ardhi. Waliorejea kutoka uhamishoni, wataalamu wa kigeni na fedha za misaada vilihitaji nyumba, na kilima cha Nyarutarama, kilichokuwa nje ya mji wa zamani, kilijengwa kwa kasi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Wakati huohuo maskini wa vijijini, ambao sasa hawakuzuiwa na kibali, walikuja kutafuta kazi. Sensa ya 2012 ilikuta Kigali ina watu 1,132,686. Ya 2022 ilikuta 1,745,555. Mpango mkuu wa jiji uliopitishwa 2013 ulipanga viwanja kwa matumizi na kwa kiwango cha jengo, na kiwango hicho ndicho kilichomtenga asiye na pesa. Tangu 2008 hivi Kiyovu ya chini, iliyoitwa Kiyovu ya maskini, ilikuwa imekwisha kubomolewa na wakazi kupelekwa Batsinda.

Zamu ya Bannyahe ilitangazwa 2017. Mwekezaji binafsi angejenga mtaa wa kisasa pale, na wakazi wangepewa nyumba katika majengo ya ghorofa huko Busanza, wilaya ya Kicukiro. Wengi walikataa. Sheria ya utwaaji ardhi ya 2015 inasema fidia ni fedha, au kitu kingine ambacho pande zote mbili zimekubaliana. Wao walisema hawakukubaliana na lolote, wakaenda mahakamani. Hesabu yao ilieleweka. Mwenye vyumba sita vya kupangisha alipewa nyumba moja ya kulala, asiweze kupangisha wala kuuza maandazi mlangoni, mbali na majumba aliyofanyia kazi. Jiji nalo lilijibu kwa hoja za mteremko, mvua na maradhi, na hoja hizo hazikuwa za uongo: vyoo vilikuwa vibaya kweli. Kesi hazikuzuia kuhamishwa. Septemba 2022 vijiji hivyo vilibomolewa.

Mtu yeyote mwenye fedha, awe na asili gani, anaweza leo kununua nyumba Nyarutarama, na hilo ni badiliko kubwa katika nchi ambayo kwa miaka 60 mtu alipimwa kwa neno moja kwenye kadi. Lakini Kigali haijaacha kuwapangia maskini mahali pa kukaa bila ridhaa yao, na kwa sababu ileile ya afya iliyotumika Biryogo. Sheria ya 2015 ina kifungu cha maafikiano. Kikitekelezwa kama kilivyoandikwa, mwenye rukarakara naye atakuwa na sauti katika bei ya kiwanja chake.