Daftari la Nyumba Kumi

Mjomba wangu alikuwa balozi wa nyumba kumi hapa Mtunda kwa zaidi ya miaka 20, na nyumba zake hazikupata kuwa kumi hata siku moja. Zilikuwa 13, kisha 11, na mwaka mmoja zikafika 16 baada ya vijana wa ukoo mmoja kuoa kwa mkupuo. Aliziandika zote katika daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma: jina la mwenye nyumba, mke au wake, watoto, na wageni waliolala zaidi ya siku mbili. Aliandika kwa kalamu ya risasi. Nilipomuuliza kwa nini hatumii wino, alinijibu kwamba watu hufa na wengine huzaliwa, na karatasi ni ghali.

Sasa daftari lile ninalo mimi. Nimelisoma mara nyingi kuliko vitabu vingi nilivyofundishia, maana miaka yangu ya kazi niliitumia darasani, wilaya hii na ile, na nilipostaafu nikarudi nyumbani nikiwa na nia moja tu, kulima korosho. Lakini mwalimu aliyestaafu hapumzishwi. Mwaka 2014, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, majirani walinisukuma nigombee uenyekiti wa kitongoji, nami nikaupata. Kwa hiyo haya ninayoyaandika hapa, msomaji wangu, si ya mtu aliyetazama kwa mbali.

Watu wa kwetu wana sababu ya kumtilia shaka jirani mwenye orodha. Wajerumani walipotaka pamba kutoka pwani hii, kuanzia mwaka 1902, hawakuja wenyewe kusimama shambani. Walimweka jumbe. Jumbe alikuwa na shamba lake la pamba la lazima, na ndiye aliyejua nani hakutokea siku ya zamu, kwa sababu aliishi naye njia moja na kuteka naye maji kisima kimoja. Malipo yalikuwa madogo mno. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waliingoa ile pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa ile dawa ya maji, alinyongwa Mohoro mwezi Agosti mwaka huohuo. Nilipofundisha habari hizi darasani niliwataja Wajerumani na mashujaa, basi. Jumbe nilimruka. Leo nisingemruka, maana yeye ndiye aliyebanwa katikati: akiandika jina, amemponza jirani, asipoandika, viboko ni vyake.

Serikali ya Tanganyika huru iliufuta utawala wa machifu mwaka 1963, na katika miaka ileile TANU ikaanzisha mpango wa nyumba kumi kumi. Shabaha yake, kwa maneno ya siku zile, ilikuwa sauti ya mwananchi ipande juu na sauti ya chama ishuke chini. Balozi alichaguliwa na wenzake, hakuwa na mshahara, na ofisi yake ilikuwa mkeka wake. Rufiji mpango huo haukupata nafasi ya kutulia kabla ya mafuriko ya 1968. (Maji yalirudi tena kwa nguvu mwaka 2024, na wengi wetu bado tunayo kumbukumbu yake miguuni.) Baada ya mafuriko yale, serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni kwenda kwenye miinuko. Operesheni Rufiji ilitangulia miaka kadhaa kabla ya sehemu nyingi za nchi kujua maana ya neno operesheni.

Wazee wangu walitoka bondeni wakati huo. Kule bondeni nyumba zilikaa mbalimbali, kila ukoo na shamba lake la mpunga, na baada ya maji kupungua walipanda mahindi ya mlau kwenye udongo uliobaki na unyevu. Huku juu waliwekwa kwa mistari. Mtu alijikuta akipakana na asiyemjua hata kwa salamu, na mbuzi wa huyu akaingia katika muhogo wa yule wiki ya kwanza tu. Kwa muda mrefu wengi walikuwa na makazi mawili, nyumba kijijini na dungu bondeni, ambako walilala kwa miezi wakilinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege. Daftari la mjomba limejaa alama ya B pembeni mwa majina. B ni bondeni. Wakubwa walipopita kuhesabu nguvukazi ya kijiji, alama hiyo ilimsaidia kueleza kwamba nyumba iliyofungwa si nyumba iliyohamwa.

Ukurasa ninaoupenda kuliko zote ni wa mwanzo wa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na nchi haikuwa na kitu dukani. Sukari, sabuni, mafuta ya taa na khanga viligawiwa kupitia kwa mabalozi, kwa orodha. Hapo ndipo nilipoona mjomba akiogopwa na kusingiziwa. Alipima sukari kwa kikombe kimoja cha bati mbele ya watu wote, na bado kulikuwa na mama aliyedai kwamba kidole gumba chake kilikuwa ndani ya kikombe. Katika orodha hiyo kuna mjane mmoja ambaye najua alifariki, maana nilikuwapo mazishini. Jina lake linaendelea kupokea sukari kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya hapo. Aliacha wajukuu wanne. Mjomba hakulifuta, na hakuna hata mmoja katika zile nyumba 13 aliyesema, ingawa wote walijua kuhesabu.

Mfumo wa vyama vingi ulipoingia mwaka 1992, balozi alibaki kuwa mtu wa chama, na kazi ya serikali ikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Sheria inaeleza mengi juu ya halmashauri ya kijiji, wajumbe wake 15 hadi 25, wenyeviti wa vitongoji wakiwamo, na kamati zake. Mambo yaliyonifikia mimi kila asubuhi hayamo katika sheria hiyo. Mpaka wa mikorosho miwili. Binti aliyerudi kwao usiku. Barua ya kumtambulisha kijana anayekwenda kutafuta kazi mjini. Mchango wa choo cha shule, ambao kila mtu aliukubali mkutanoni na kila mtu akawa hana siku ya kukusanya. Nimesoma kwamba huko Marekani wenye nyumba wa mtaa mmoja huunda chama, hulipa ada, na chama kina uwezo wa kumtoza faini mwenzao kwa sababu ya rangi ya ukuta. Nilicheka peke yangu. Mimi nilikuwa na muhuri na viatu vya kuzungukia.

Kisha ikaja miaka ya 2016 na 2017. Katika wilaya zetu tatu, Mkuranga, Kibiti na Rufiji, watu wasiojulikana walianza kuua viongozi wa ngazi za chini: wenyeviti wa vitongoji, wenyeviti na watendaji wa vijiji, viongozi wa chama. Wengi walipigwa risasi nyumbani kwao, usiku. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa kuviziwa wakiwa garini. Pikipiki zikapigwa marufuku kutembea kuanzia jioni hadi asubuhi. Novemba mwaka huohuo mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo, alitoweka Kibiti na hajaonekana tena.

Sitajifanya shujaa. Sikulala kwangu kwa karibu miezi mitano. Nilikula chakula cha jioni mapema, nikatoka kwa mlango wa uani, kila usiku nyumba nyingine. Mke wangu aliniambia, "Mwalimu, rudisha muhuri wao." Nikamjibu kwamba muhuri hauna mtu wa kuupokea, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa, maana waliokuwa juu yangu nao hawakulala kwao. Daftari langu nililifukia ndani ya kihenge cha mpunga. Lilikuwa na majina ya watu wote wa kitongoji, na sikutaka likutwe na yeyote, awe wa upande wowote.

Siku moja, Ramadhani ile ya 2017, nilijiwa na watu wakiuliza nani hayupo kijijini. Lilikuwa swali jepesi miaka yote. Vijana wa kwetu hushuka delta kuvua kamba na kukaa kambini wiki nyingi, na hapana aliyewahi kuwaulizia. Sasa kutokuwapo kulikuwa kosa. Walitaja jina la kijana mmoja ambaye nyumba yao iko ya tatu kutoka kwangu. Sikuwa nimemwona kwa miezi miwili. Sikujua yuko wapi, na wala sikujua amekwenda na nani. Nilijibu upesi, bila kupepesa, "Yuko delta, anavua kamba. Mimi mwenyewe nilimwandikia barua."

Sikuwa nimemwandikia barua yoyote. Usiku ule nililala kwa shemeji yangu, au tuseme nililala macho. Nilijiuliza, kama huyu kijana ndiye miongoni mwa wanaokuja usiku, nimemfungulia mlango wa nyumba ya nani? Na kama siye, ningesema ukweli wangu wa kutojua, angerudi kwa mama yake?

Alirudi siku mbili kabla ya Idi, na kamba wakavu ndani ya kiroba. Mama yake alinipelekea kilo moja hivi nyumbani, asiseme neno. Ni wao hao majirani ambao mbuzi wao alikula muhogo wetu mwaka 1969.

Mwaka 2019 sikugombea tena. Aliyechukua nafasi yangu ni kijana wa miaka thelathini na ushei, mchangamfu, aliyekuja na kalamu mbili mfukoni. "Shikamoo Mwalimu, nimefuata vitabu." Nikampa muhuri, mafaili ya michango na daftari la wakazi, bado likiwa na pumba za mpunga kwenye mshono. Akalipekua palepale barazani. Alipofika katikati akasimama.

"Mbona hapa kurasa tupu? Tangu Aprili hadi mwishoni mwa mwaka hakuna mgeni hata mmoja, hakuna aliyezaliwa, hakuna aliyehama."

Nikamwambia aziache kama zilivyo, aanzie ukurasa unaofuata.